Dumu, beseni, karai au ndoo ya rangi: kipi kinafaa kumwagia oili ya pawatila?

Siku ya kumwaga oili ya pawatila, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono, oili mpya huwa imeshanunuliwa na spana imeshaazimwa kwa jirani. Kinachokumbukwa mwisho ni chombo cha kuweka chini. Ndipo mtu anaingia uani na kuanza kupapasa: dumu hili, beseni lile, sufuria lililotupwa nyuma ya choo tangu masika. Trei maalumu za kumwagia oili zinauzwa mijini, lakini mkulima wa mpunga wa Ubaruku au Dakawa mwenye mashine moja hawezi kulaumiwa akiona ni anasa kununua kitu atakachokitumia mara chache kwa mwaka. Vyombo vya nyumbani vinaweza kuifanya kazi hiyo, ila kila kimoja kina mahali kinapofaa na mahali kinapokuumbua.

Nimemwaga oili kwenye karibu kila chombo nitakachokitaja hapa, ya pawatila na ya pampu ya maji. Sitakutajia bingwa, maana anayemwagia shambani kwenye tope na anayemwagia kwenye sakafu ya nyumba ya kupanga hawana shida moja.

Vigezo kwanza

Kila chombo nimekipitisha kwenye maswali matano yaleyale.

Joto. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu, kwa sababu ikipoa inakuwa nzito na uchafu unabaki umetuama kwenye tumbo la injini. Lakini injini iliyotoka kulima sasa hivi, oili yake inaweza kufika nyuzi 90 za Selsiasi na zaidi. Plastiki nazo hazifanani. Geuza chombo uangalie pembetatu kwenye kitako. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa za maji na soda, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi. Namba 2 ni HDPE, ya madumu mengi ya mafuta ya kula na galoni za oili, nayo huyeyuka karibu na nyuzi 130. Namba 5 ni PP, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160. Chombo kisicho na namba yoyote, kama mabeseni mengi ya mnadani, kihesabu kuwa ni cha wasiwasi. Kwa vyote, ukizima injini subiri robo saa. Oili itakuwa bado nyepesi, na hatari ya kuungua mkono ukifungua bolti itakuwa imepungua.

Kimo na ujazo. Pawatila ya dizeli ya silinda moja kwa kawaida hubeba oili kati ya lita 2 na 3; kijitabu chake au kibao cha injini kitakupa kiasi kamili. Pampu yenye injini ya Honda GX160 huchukua lita 0.6 tu, na GX390 lita 1.1. Chombo kiwe na nafasi karibu mara mbili ya hiyo, kwa sababu oili haishuki taratibu kama chai kutoka kwenye birika. Ile ya kwanza huruka mbali, halafu inarudi nyuma kadiri nguvu inavyopungua. Na kabla ya yote, chombo kiingie chini ya bolti. Pima nafasi kwa kiganja kabla hujalala chini.

Kumimina. Iliyoingia lazima itoke. Hapa ndipo watu wengi huchafua, wakati kazi wanaihesabu imeisha.

Kuona. Oili chafu ni kama majibu ya maabara. Kwenye chombo cheupe au kinachong'aa utaona chembe za chuma zikimetameta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu maji yamepenya ndani. Chombo chenye vipimo kitakuambia pia injini imekunywa kiasi gani. Uliweka lita 2.8, zimetoka 2 kasoro, na chini hapakuwa na matone: basi pete za pistoni zinahitaji kuangaliwa.

Kesho yake. Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho ambacho vijitabu vya mashine havikiandiki. Nyumbani kwetu chombo hakifi. Dumu la mafuta ya kula linakuwa la maji, kisha la mafuta ya taa, kisha linakatwa kupandia mche wa papai. Mtu akiliona tupu halimwambii lilitoka wapi, na yeye haliulizi. Oili iliyotumika ina masizi, chembe za metali na kemikali za moshi ambazo kwenye majaribio zimesababisha saratani ya ngozi kwa panya. Plastiki hainyonyi maji lakini oili inainyonya, na sabuni haiifuati humo ndani. Kwa hiyo chombo kikishapokea oili chafu, jikoni kimeshahama. Swali ni je, wengine nyumbani watajua kwamba kimehama?

Dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu

Nazungumzia lile la lita 20 la njano au dogo la lita 5. Unalilaza, unakata dirisha kwenye ubavu wa juu, unakaza kizibo.

Joto. Mengi ni HDPE, na oili vuguvugu haliyasumbui. La kuogopa ni dumu lililokaa juani miaka mpaka likapauka. Libonyeze kwa dole gumba. Likitoa mlio kama ganda la yai, liache.

Kimo na ujazo. La lita 5 likilazwa lina kimo cha sentimita 13 hivi, linaingia chini ya mashine nyingi na kumeza oili ya pawatila moja bila kufurika. La lita 20 likilazwa ni nene mno, zaidi ya sentimita 20. Itabidi ulikate chini zaidi mpaka libaki kama sinia lenye kimo cha kiganja. Ukikata dirisha, usiondoe ubavu wote. Acha ukingo wa vidole viwili kuzunguka. Huo ndio utakaozuia oili kuruka wakati unatembea nalo kwenye majaruba.

Kumimina. Hapa lina akili kuliko vingine vyote. Unaliinua, unaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chombo cha kuhifadhia, unalegeza kizibo, na dumu lenyewe linakuwa faneli. Nimeona watu wakikata dumu nusu kwa nusu na kutupa upande wenye mdomo. Wamejinyima kitu cha bure. Angalizo moja tu: kizibo hapa kinazama ndani ya oili, kwa hiyo kijaribu kwanza kwa maji. Kikivuja, weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kama sili. Kisha likaushe kabisa, vinginevyo maji uliyoyaacha wewe utayasingizia injini.

Kuona. Jeupe linaonyesha, la njano linaficha. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua jeupe, na wakati wa kulijaribu kwa maji mimina lita moja moja huku ukichora mistari kwa kalamu isiyofutika.

Kesho yake. Dumu lenye dirisha ubavuni halirudi kisimani. Hakuna atakayeliazima wala kulichotea maji. Kule kukata kumemaliza mjadala, hata kwa mtoto asiyejua kusoma.

Anayemfaa: mwenye pawatila moja, anayetaka chombo cha kukaa miaka mitatu minne bila gharama. Halimfai anayetaka kusafiri na oili humohumo, kwa kuwa liko wazi.

Beseni la plastiki

Joto. Inategemea. Yapo ya PP yasiyotetereka, na yapo yaliyofinyangwa kwa plastiki iliyorudishwa kiwandani mara nyingi, ambayo yakipata joto yanalegea kitako. Usilinyanyue likiwa na oili ya moto. Liache lipoe hapo hapo lilipo.

Kimo na ujazo. Kwa upana halina mshindani. Lita 3 kwenye beseni lenye kipenyo cha sentimita 40 zinasimama chini kidogo ya sentimita 2.5, na huhitaji kulenga: oili iruke mbali au irudi nyuma, beseni linaipokea. Kwa anayemwaga oili mara ya kwanza maishani, hilo si jambo dogo.

Kumimina. Hapa ndipo unapolipia ule upana. Beseni limejikunja mkononi, oili imeelekea upande mmoja, mdomo wa galoni ni mwembamba kama kikombe cha kahawa. Ukishindwa, chota kwa kikombe kilichokatwa kutoka chupa, taratibu, mpaka ibaki kidogo.

Kuona. Jeupe au la rangi hafifu ni zuri sana, kwa kuwa oili imetandazwa nyembamba. Elekeza tochi kwa upande, chembe zitajionyesha zenyewe.

Kesho yake. Nitasimulia langu. Nilimwagia kwenye beseni la bluu, nikaliosha kwa sabuni ya unga mara mbili, nikaliegemeza ukutani likauke. Jioni shemeji alilichukua akalowekea mchele wa vitumbua. Asubuhi mchele ulinuka gereji, na kilo zote tatu zikaenda kufukiwa. Shemeji hakuwa na kosa: beseni lilikuwa safi kwa macho, tena limeegemezwa mahali mabeseni masafi yanapoegemezwa. Tangu siku hiyo, beseni la oili nalitoboa ukingoni na kulipitisha waya, kisha linatundikwa kwenye banda la pawatila, juu.

Anayemfaa: asiye na uzoefu, au mwenye injini ambayo oili yake hutoka ikiyumba. Awe tu na mahali pa kulificha.

Karai na sufuria kuukuu

Joto. Halina mjadala. Chuma na alumini havijali oili ya injini.

Kimo na ujazo. Karai la zege ni pana, kitako chake ni cha mviringo, na kwa uzito wake linatulia hata penye upepo. Ila likiwekwa kwenye ardhi isiyo sawa linabembea. Lichimbie kidogo au lizungushie udongo. Sufuria lina kitako bapa, hilo linatulia lenyewe, lakini lile refu la ugali wa shughuli haliingii chini ya mashine. Tafuta pana na fupi.

Kumimina. Karai lenye mishikio miwili ni la watu wawili, mmoja ashike faneli. Sufuria lenye ukingo uliokunjwa nje humimina vizuri kuliko unavyodhani. Ukilibana mdomo kidogo kwa koleo, umeshatengeneza jagi.

Kuona. Karai linadanganya. Kutu na mabaki ya saruji yanabanduka na kuelea kwenye oili, nawe unabaki unajiuliza kama beringi zimekwisha. Lisugue kwa brashi ya waya kabla. Sufuria la alumini ni kinyume chake, linaonyesha kila kitu.

Kesho yake. Sufuria ndilo la kuogopwa kuliko vyote kwa kigezo hiki, na sababu ni hiyohiyo inayolifanya lipendeze: linatakata. Ukilisugua kwa mchanga na majivu linang'aa kama jipya, na dhamiri inakubali lirudi jikoni. Karai nalo lina ndugu yake anayekaanga chipsi barabarani. Toboa matundu mawili kwa msumari karibu na kitako cha sufuria, upande mmoja, juu kidogo ya kimo cha oili yako. Halitapika tena. Kama unaona huruma kulitoboa, basi bado unalihesabu kuwa la jikoni, na lisitumike.

Anayemfaa: fundi anayemwaga oili ikiwa na joto kwa sababu wateja wanasubiri, na yeyote asiyeamini plastiki.

Ndoo ya rangi yenye mfuniko

Joto. Nyingi ni namba 2 au 5, nene, hazina tatizo.

Kimo na ujazo. Ujazo upo wa kutosha mashine tano. Kimo ndiyo shida: ndoo ya lita 20 inazidi sentimita 35, hakuna pawatila itakayoipitisha chini. Ipo njia ya kuisogeza mashine kwenye ukingo wa tuta na kuiweka ndoo bondeni, lakini injini ikiinama oili haitoki yote, na ile inayobaki ndiyo chafu zaidi. Ndoo ya lita 4 ni fupi kidogo na inaweza kuingia chini ya mashine zilizoinuka.

Kumimina. Mdomo mpana, kwa hiyo kuingiza ni rahisi kupita vyote, kutoa ni kwa wastani.

Kuona. Ndani huwa nyeupe. Rangi ya maji iliyokauka ibandue yote kwanza, maana itaelea vipande vipande.

Kesho yake. Mfuniko wake ndio utajiri wake: mvua haiingii, kuku hatumbukii, mtoto hachovyi mkono. Na mfuniko huohuo ndio unaoitamanisha. Nyumba ngapi zinahifadhia maji ya kunywa kwenye ndoo ya rangi? Ndoo tupu yenye mfuniko ina bei yake sokoni. Iandike OILI CHAFU kwa rangi nyekundu ubavuni na juu ya mfuniko, kisha ng'oa mkono wake ukiweza.

Anayemfaa: mwenye mashine kadhaa, au kikundi cha umwagiliaji kinachokusanya oili mpaka apatikane mtu wa kuichukua. Naihesabu kuwa ya kuhifadhia kuliko ya kupokelea.

Chupa za maji

Nilitaka kuziacha nje, lakini watu wengi wanazitumia, na si bila sababu.

Joto. Zinaanguka hapa. Chupa ya PET ikipokea oili ya moto inajikunja na kusinyaa, na ikisinyaa inapindukia. Oili iliyopoa kabisa haiisumbui.

Kimo na ujazo. Chupa nzima haiwezi kupokea, mdomo ni mdogo. Ikikatwa ubavu inatosha pampu ndogo ya lita 0.6, ambayo bolti yake iko ubavuni, chini, na oili yake ina tabia ya kuteremka kwenye fremu badala ya kudondoka. Hapo chupa inafanya kazi moja nzuri sana. Kata kipande kirefu mfano wa mfereji, kichomeke chini ya bolti, na oili itafuata njia mpaka kwenye chombo. Pampu iwe juu ya matofali mawili, imeinamishwa kidogo upande wa bolti, na imepoa.

Kumimina. Vizuri, kama ina kizibo.

Kuona. Zinashinda. Ujazo umeandikwa, na kwenye mwanga unaona kila tabaka. Ukiiacha chupa imesimama usiku kucha, maji kama yapo yatakaa chini peke yake.

Kesho yake. Hapa sitauma maneno. Oili nyeusi kwenye chupa ya soda ni soda machoni pa mtoto wa miaka mitatu. Hospitali zetu zimekuwa zikipokea watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo ya chupa. Pima, angalia, kisha hamishia kwingine siku hiyohiyo.

Anayemfaa: mwenye pampu ndogo, tena kama kifaa cha kupimia na mfereji wa muda, si ghala.

Galoni ya oili yenyewe

Ni ile ya lita 4 au 5 iliyokuja na oili mpya.

Joto, nyingi ni HDPE, oili vuguvugu haizisumbui. Kimo na ujazo wa kupokelea, haifai ikiwa nzima. Ukiikata ubavu inakuwa kama dumu dogo. Kumimina na kubeba, ndiyo bora ya zote: kizibo kinakaza, mkono upo, inafungwa nyuma ya pikipiki bila kumwagika. Kuona, nyingi zina mstari wa vipimo unaopitisha mwanga pembeni. Utaratibu ni kumwaga ya zamani kwenye dumu lililokatwa, kujaza injini oili mpya, kisha ya zamani kuingia kwenye galoni iliyobaki tupu. Anayenunua oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa hana galoni, na itabidi aombe gereji.

Kesho yake ndipo penye kitendawili. Hakuna atakayeweka maji ya kunywa kwenye galoni iliyoandikwa oili ya injini, kwa hiyo jikoni ni salama. Lakini sokoni si salama: galoni safi yenye nembo nzuri ndiyo hutafutwa na wanaouza oili ya bandia. Na hata nyumbani, kijana akitumwa alete oili anaweza kubeba ile ya zamani na kuirudisha kwenye injini. Kwaruza nembo kwa kisu, andika CHAFU.

Anayemfaa: kila anayepaswa kusafirisha oili hadi kwa mnunuzi au gereji.

Visivyoingia kwenye ulinganisho

Chupa za viuatilifu na dawa za magugu, hapana, kwa chochote. Chupa za Jik na dawa nyingine zenye klorini, na makopo ya petroli au thina, hapana pia: mabaki yake yakiingia kwenye oili, mnunuzi anayeichukua kwa ajili ya kuichakata ana haki ya kuikataa. Kioo kinapasuka kwa joto. Mfuko wa nailoni usiuongelee.

Na mwenye kijenereta kile kidogo cha kuchanganya oili kwenye petroli, funga ukurasa. Injini yako haina oili ya kumwaga.

Neno moja kuhusu mahali oili inapoishia, maana chombo na mwisho wa oili ni jambo moja. Usangu, bonde la mpunga la kusini mwa Tanzania, maji ya majaruba yanarudi mtoni, na mito ya pale, Mbarali, Kimani na Chimala, inaingia Ruaha Mkuu, inayokwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili ya kumwaga mara moja inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji matamu, karibu lita milioni 3.8. Iliyodondoka chini iwekee makapi ya mpunga, yanywe, kisha uyazoe. Kupaka oili chafu kwenye nguzo dhidi ya mchwa ni desturi ya wengi. Mimi siipaki kwenye ghala la chakula, banda la kuku wala kitanda, na sipaki mbwa mwenye upele.

Kwa hali yako

Ukiwa na pawatila moja na unamwagia shambani: dumu jeupe la lita 5 lililokatwa kwa kupokelea, galoni ya oili kwa kurudia nyumbani. Viwili hivi vinakaa kwenye trela bila kusumbua.

Ukiwa na pampu ndogo tu: bakuli lolote pana na fupi lililotobolewa, mfereji wa chupa, na uvumilivu wa kusubiri ipoe. Honda wanataka GX160 ibadilishwe oili baada ya mwezi wa kwanza au saa 20 za kazi, kisha kila miezi 6 au saa 100, kwa hiyo kifaa cha muda kinatosha kabisa.

Fundi, au kikundi chenye mashine sita: karai safi au sufuria pana kwa kupokelea oili ikiwa na joto, ndoo mbili za rangi zenye mifuniko kwa kukusanya. Moja ikijaa itafutiwe mnunuzi, msisubiri ya pili.

Nyumba yenye watoto wadogo: ondoa chupa kwenye hesabu. Kama huna pa kutundika beseni, nalo liondoe. Dumu lililokatwa na galoni iliyoandikwa, vyote juu ya kenchi.

Mpangaji asiye na banda: mwagia gereji. Wengi watakuazima trei wakijua oili chafu inabaki kwao, nawe unarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndugu zetu walioko Marekani, wenye vitrekta vya kukatia nyasi, huwa wanajaribiwa na jagi la maziwa la galoni moja, lita 3.8. Ni HDPE kweli, lakini jembamba na kizibo chake hakikazi. Likateni liwe la kupokelea, si la kubebea. Oili yenyewe irudi kwenye chupa zake, kisha ipelekwe duka la vipuri. AutoZone na O'Reilly huipokea bila malipo.

Na kama umeshalala chini ya mashine, spana iko kwenye bolti, ndipo unagundua ulichonacho ni chupa moja ya soda na injini bado inaunguza: usifungue. Oili ya zamani ikikaa ndani mpaka kesho asubuhi injini haitapata hasara yoyote. Kesho utaipasha dakika tano, utaizima, na dumu litakuwa limeshakatwa.